Dakika Ishirini za Mvuke

Ninyi vijana mliokuja kupiga picha lile tangi pale chini ya Soni, mkaniuliza lilikuwa la nini, nami nikawajibu kwa mkato kwamba lilikuwa la dawa, naomba mnisamehe. Niliona viatu vyenu visafi nikadhani mna haraka. Mliniachia daftari na kalamu, mkasema, mzee, tuandikie mbinu za kazi, maana nasi tunataka kujaribu. Wiki mbili nimelitumia daftari lenu kufunikia ndoo ya maji. Sasa nimelifungua. Nitaandika kama ninavyoongea, kwa sababu shule niliiacha darasa la tano, na mengine yote nimeyapata kwa kusimama karibu na watu wanaojua na kuwauliza mpaka wachoke.

Naanza na kosa la kuchekesha, kwa sababu huko mbele sina la kuwachekesha.

Mmoja wenu aliuliza kama gari liligonga lile tangi, maana ubavu wake umeingia ndani. Halikugongwa na gari. Niliufinya mimi, bila kulishika. Tangi likishapikwa kwa mvuke ili kuua wadudu wote, linakuwa limejaa mvuke mtupu. Unapolipoza, mvuke unageuka kuwa matone ya maji, na pale palipokuwa pamejaa panabaki patupu, hewa ya nje ikalibana tangi. Kwa hiyo unatakiwa kuingiza hewa safi taratibu huku unapoza. Mimi nilifungua maji baridi ya mto yazunguke nje ya tangi, vali ya hewa nikaisahau, nikaenda kuosha uso. Nikasikia mlio kama bati la nyumba nzima limekunjwa. Niliporudi, Mzee Komba, fundi wetu wa boila, alikuwa amesimama mbele ya tangi, mikono nyuma.

"Msambaa," akaniambia, "umelibonyeza kama mteja anayechagua nyanya."

Komba alikuwa mtu wa Songea. Alikuja milimani akiwa kijana kuvuna chai, akahamishiwa kwenye boila la kiwanda cha chai, na tangu siku hiyo hakuamini kitu kisichotoa mvuke. Jumapili alikwenda kanisani na ufunguo wa boila mfukoni. Mimi aliniita mtalii, kwa sababu sikukaa kazi moja zaidi ya misimu miwili. Nilikuwa nimepasua mbao Shume, nimekata mkonge kule chini Korogwe, nimepanda juu ya lori za kabichi kwenda Dar, na nimekaa Mponde kwenye chumba ambamo majani ya chai yaliyosagwa hulazwa mpaka yabadilike rangi. Hapo Mponde ndipo nilipoijua pua yangu. Msimamizi alikuwa na saa na kipimajoto, mimi nilikuwa nainama tu na kusema sasa, na mara nyingi sasa yangu na saa yake vilikutana. Ikumbukeni hiyo pua.

Jinsi nilivyoingia kwenye dawa ni hivi. Nilikuwa Zirai nikibeba iliki za watu, akaja mwanamke mwembamba mwenye miwani, anatafuta mtu wa kumbebea kikapu msituni. Ndani ya kikapu mlikuwa na vijiko na vifuko vya plastiki. Kutwa nzima alikuwa akipiga magoti chini ya miti, anachota udongo kijiko kimoja, anaandika, anainuka, anakwenda mti mwingine. Nilimwuliza kama anatafuta dhahabu. Akasema anatafuta wadudu wasioonekana ambao hupigana wao kwa wao huko chini, na silaha wanayopigana nayo ndiyo sisi huiita antibayotiki, dawa ya kuua vijidudu vya magonjwa. Nikamwuliza anayeshinda anajulikanaje. Nikamwuliza kwa nini silaha haimwui mwenyewe. Nikamwuliza mpaka jua likaanza kushuka, naye akaweka kijiko chini akanitazama.

"Kaka, wewe unafanya kazi gani?"

"Yoyote," nikasema.

Huyo ndiye Daktari Zaina. Si daktari wa hospitali, ni wa kusoma. Alinizidi kila kitu isipokuwa umri, na kwa huo umri, hata nilipokuwa mfanyakazi wake wa kuosha chupa kwenye kiwanda kidogo cha dawa alichokisimamia, kila asubuhi aliingia na kusema, "Shikamoo, kaka Rajabu," mbele ya wote, nami nikaitikia marahaba nikiwa nimeshika ufagio. Komba alikuwa akisema ni kiwanda pekee duniani ambacho bosi anamwamkia mfagiaji.

Katika vifuko vile vyote, kimoja tu kilitoa kitu. Kilichotwa chini ya mti wa msambu, mahali penye mteremko mkali, na aliyeshika mkono wa Daktari asiteleze nilikuwa mimi. Kwenye sahani ya jeli kilikua kama doa dogo lenye vumbi la kijivu, kama majivu ya sigara. Jina lake la kisomi ni refu. Sisi tulimwita Kijivu, na tulimsema kama mtu. Kijivu ameamkaje leo. Kijivu hapendi baridi.

Nguvu yake ilipimwa hivi, na kipimo hiki hakihitaji mashine. Unatandaza kijidudu cha ugonjwa kwenye sahani ya jeli mpaka kijae kama ukungu. Unatoboa tundu katikati, unatia tone la dawa yako. Kesho yake, kama dawa ni kweli, kuzunguka tundu panakuwa na duara safi ambapo hakuna kilichoota. Unalipima kwa rula. Duara pana, dawa kali. Hakuna duara, umepika uji.

Duara la Kijivu lilikuwa pana. Nalo lilikuwa pana dhidi ya kijidudu kile kinachofanya kiwele cha ng'ombe kivimbe na kuwa kigumu, kile ambacho dawa za dukani zilikuwa zimeanza kukishindwa huku kwetu. Palikuwa na mjane mmoja jirani na kiwanda, Mama Asha, ana ng'ombe mmoja wa zizini, na maziwa ya huyo ng'ombe ndiyo yaliyokuwa yakisomesha watoto wake. Kiwele kiliharibika, sindano zikapigwa, maziwa yakatoka na damu. Bwana mifugo alikubali tujaribu, maana alikuwa ameshakata tamaa. Daktari alichuja dawa ya chupa sita, ikawa ujazo wa kijiko. Siku ya nne Mama Asha aliingia kiwandani bila kubisha hodi, na jagi la maziwa meupe, akaliweka juu ya meza ya maabara kati ya sahani zenye sumu. Daktari alimkemea, kisha akageuka ukutani akafuta miwani yake kwa muda mrefu.

Chupa sita kwa ng'ombe mmoja. Sasa hesabuni mazizi yote kutoka Mlalo mpaka Bumbuli, mtaelewa kwa nini tulihitaji tangi la lita elfu tano.

Hapa nawapa mbinu mlizoomba. Msidhani kutoka kwenye chupa kwenda kwenye tangi ni kuzidisha tu. Sufuria ndogo ya uji ukiipua inapoa kabla hujapata kijiko. Sufuria la pilau la harusi linabaki na moto mpaka wageni waondoke. Kijivu anapokula anatoa joto lake mwenyewe. Ndani ya chupa linatoka kupitia kioo, ndani ya tangi halina pa kutokea, naye anajipika. Ndiyo maana tulizungusha maji ya mto. Halafu hewa. Chupa unaitikisa, inatosha. Tangi lazima upulizie hewa kutoka chini na kukoroga kwa pangaboi. Ukikoroga taratibu, wa katikati wanakosa pumzi. Ukikoroga kwa nguvu, unawakatakata, maana Kijivu si punje, ni nyuzi. Kisha molasi na unga wa soya vikipulizwa hewa vinatoa povu, na povu likipanda mpaka kwenye bomba la juu, linafungua njia ya wadudu wa nje kuingia. Tulilituliza kwa matone ya mafuta ya alizeti. Kila tulipokuza chombo, tulianza kazi upya kama wajinga.

Jambo jingine msilolikuta kwenye vitabu vya nchi za tambarare ni ukungu wetu. Kwa muda mrefu matangi yaliharibika miezi ya baridi tu. Tulilaumu molasi, tukalaumu mikono yangu. Ni Komba aliyegundua. Alivua chujio la hewa, lile la pamba, akalikamua kwa mkono, likatoa maji. Ukungu ulikuwa unavutwa na pampu, unalowesha pamba, na pamba ikilowa wadudu wanapita kama mlango umeachwa wazi. Daktari akaanza kuandika barua ya kuagiza mashine ya kukausha hewa. Komba alikata bomba akalizungusha kwenye dohani la boila, hewa ikapita hapo ikapata moto kabla ya kufika kwenye pamba. Barua haikutumwa. "Nimefua ukungu nikauanika," alisema, na maneno hayo aliyarudia kwa miaka.

Na mbinu kuu kuliko zote ni kuosha kwa mvuke. Palikuwa na sufuria ya presha ya maabara, ndefu kama pipa, ya kuulia wadudu kwenye vyombo. Mwanzoni niliibana vyombo ndani kama abiria, nikafunga, nikahesabu dakika, nikatoa. Kesho yake vyombo vya pembeni vilikuwa safi, vya katikati vimeota ukungu wa kijani. Daktari hakupandisha sauti. Alinisimamisha mbele ya sufuria akanionyesha kwamba hewa ya baridi iliyobaki kati ya vyombo huwafunika wadudu kama blanketi, mvuke hauwafikii, nao wanaishi. Kwanza uache tundu wazi mpaka hewa yote itoke na mvuke uwe mnyoofu, hauna mkatikokatiko. Ndipo ufunge. Presha ipande mpaka kwenye alama nyekundu. Ndipo uanze kuhesabu. Kati ya chombo na chombo, upana wa kidole.

"Dakika ngapi, kaka?"

"Ishirini."

"Siyo kumi na tisa."

Tangu siku hiyo sikukosea kuosha. Hata watu waliokuwa na vyeti walikuwa wakiniletea vyombo vyao. Katika maisha yangu yote ya kurukaruka, hicho ndicho kitu kimoja nilichokifanya kwa ukamilifu, na ndicho kinachoniua.

Sasa sikilizeni.

Kwenye friza dogo la maabara palikuwa na tyubu kumi na mbili zenye vifuniko vyekundu. Hizo zilikuwa za Kijivu wa kwanza, yule wa chini ya msambu. Daktari aliwaita wazee. Kanuni yake ilikuwa kwamba kila msimu tufungue mzee mmoja, tumpandishe kwenye jeli, tupate watoto, wajukuu, vitukuu, basi. Tusivuke hapo. Tukihitaji zaidi, turudi kwa mzee. Niliona ni uvivu wa kisomi. Mtu ana mbegu inayoota vizuri shambani, kwa nini arudi ghalani kila mara?

Mama yake Daktari akaugua Dar es Salaam, ikabidi aende kumwuguza. Alikaa miezi minne. Alinikabidhi Kijivu mimi, si wale wenye vyeti, akisema wao wana vyeti lakini mimi nina hofu. Akaniachia maneno machache: nisivuke vitukuu, na nikipandikiza nichukue madoa yenye vumbi, hata kama yanaota polepole.

Na wakati huohuo tukaambiwa wanakuja wageni, watu ambao ndio wangeamua kama kiwanda kikuzwe au kifungwe. Walitaka kuona tangi kubwa likifanya kazi. Nilikuwa na wiki saba.

Kwenye sahani zangu niliona jambo. Madoa mengi yalikuwa ya kijivu, yenye vumbi, yanajikokota. Lakini hapa na pale palikuwa na doa moja nono, linalong'aa kama samli, laini, limekua siku mbili kabla ya mengine. Mimi nimelelewa na bibi, Mungu amrehemu, kwenye mteremko juu ya Bumbuli. Kila mavuno ya maharage bibi alikaa na ungo, akachagua punje moja moja, zile nono, zinazong'aa, zilizokomaa mapema, akazifunga na kuzitundika juu ya mafiga zipate moshi. Hivyo ndivyo mbegu inavyoboreshwa. Hakuna mtu wa kwetu anayechukua punje yenye vumbi, inayojikokota, akaiita mbegu. Nikachukua yale yanayong'aa. Nikayapandikiza, yakatoa yanayong'aa zaidi. Ndani ya chupa yalikua haraka, povu kidogo, hayashikamani ukutani. Nikajisemea kwamba Daktari atarudi akute Kijivu ameboreshwa na mtu wa darasa la tano.

Halafu friza. Lilikuwa dogo, nami nilitaka kuweka tyubu zangu mpya mahali salama. Kwetu, siku ile mbegu mpya inapotundikwa, ile ya zamani inashushwa na kupikwa. Bibi aliichanganya na ndizi mbichi, tukala mpaka tukalegea. Ilikuwa siku ya furaha, kwa sababu bibi aliona kubaki na mbegu ya zamani ni kulidharau shamba lililokupa mpya. Nilitoa tyubu kumi na mbili za vifuniko vyekundu. Sikuzitupa hivihivi, nilikuwa nimefundishwa vizuri. Nilizipanga kwenye sufuria ya presha, kidole kati ya kila moja. Niliacha tundu wazi mpaka mvuke ukanyooka. Nikafunga. Nikasimama nikitazama saa ya ukutani, dakika ishirini, nikipiga mluzi.

Wageni walikuja. Tangi lilijaa Kijivu mzito kama uji. Walichungulia kwenye kidirisha cha kioo, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, mmoja akanipa mkono. Komba alikuwa amevaa shati la kanisani. Nilipowasindikiza nikarudi, nikafungua vali ya kuchukulia kipimo, nikainama kunusa kama ilivyo kawaida yangu.

Kijivu wa kweli ananuka udongo uliopata mvua ya kwanza. Chumba kizima kilikuwa kikinuka hivyo siku za mavuno, hata watu waliopita barabarani walitazama juu wakitafuta wingu. Siku hiyo niliinusa ile glasi mara tatu. Ilinuka molasi na unga. Pua yangu iliniambia yote pale pale, na mimi niliifunga ile vali nikaenda kunywa chai na wenzangu.

Duara halikutokea. Tukapika tangi la pili, halikutokea. Sahani ya tatu niliipima mwenyewe nikiwa nimefunga mlango, na hapakuwa na cha kupima. Baadaye nilielezwa kwamba yale madoa yanayong'aa ni Kijivu aliyeacha kutengeneza silaha. Silaha inamgharimu chakula na nguvu. Asiyeitengeneza ananenepa. Mimi niliwachagua wavivu kizazi hadi kizazi kwa sababu walikuwa na afya.

Daktari alirudi amevaa nguo za msiba, mama yake hakupona. Aliniamkia, akanipa pole ya kazi kabla sijampa ya msiba, akasikiliza habari ya matangi. Hakushtuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye friza.

"Haina neno. Tunarudi kwa wazee. Ziko wapi zile nyekundu, kaka?"

Nilimtazama yule mwanamke aliyetoka kuzika, nikasema umeme ulikatika siku tano, barabara ilipobomoka kule njia ya Mombo, friza likayeyuka, tyubu zikaharibika, nikazitupa. Na umeme kweli ulikatika wakati huo. Uongo wangu ulikuwa na miguu ya kutembelea. Lakini friza tulilifunika kwa magunia na barafu ya wauza samaki, likabaki na baridi. Komba alilijua hilo. Alinitazama, akachukua kofia yake akatoka. Hakuniita mtalii tena, wala hakuniita jina lolote.

Daktari alikaa kwenye kiti cha maabara. Akasema, "Niliambiwa ninunue jenereta. Nikasema mwaka ujao."

Tangu siku hiyo alijibebesha lile jenereta. Kwenye barua ya kueleza kwa nini kiwanda kimeshindwa, aliandika kwamba kosa ni lake. Hakuna aliyempa maabara nyingine. Kiwanda kilifungwa, Komba akarudi kwao Songea, na miaka miwili baadaye tukasikia amefariki. Mama Asha alikuja mara tatu kuulizia dawa. Mara ya tatu alikuja na kamba mkononi, isiyo na ng'ombe. Mimi, ambaye sikuwahi kukaa mahali, nilibaki. Nilikuwa mlinzi wa kile kiwanda kitupu mpaka nilipostaafu, kwa sababu sikuona ni wapi duniani ningefika nikawa mtu mwingine.

Kila kiangazi Daktari alinifuata twende Zirai na vijiko. Alikuwa akifundisha masomo ya ziada kwa wanafunzi wa sekondari hapa Lushoto, na jikoni kwake aliweka sahani na sufuria ndogo ya presha. Ule mteremko sasa ni iliki na magimbi, msambu wenyewe umebaki kisiki. Tulichota udongo kuzunguka kisiki, chini ya mizizi, mbali kidogo, mbali zaidi. Alipiga magoti, nikamshika mkono asiteleze. Tulipata madoa ya kila rangi. Mengine yalinuka mvua. Hakuna lililotoa duara. Na kila tuliporudi, njiani, alisema lile lile: "Nisamehe, kaka Rajabu. Ningenunua jenereta ungekuwa na kazi yako." Nami nilimjibu yamepita, Daktari. Hebu pimeni ninyi wenyewe mtu wa aina gani hutoa msamaha wa namna hiyo.

Mwaka huu macho yake yameingia ukungu, anasubiri kupasuliwa. Alinikalisha jikoni, akanisogezea sahani na rula.

"Nisomee. Milimita ngapi?"

"Hakuna duara, Daktari."

Akavuta pumzi. "Ningenunua..."

"Friza halikuyeyuka," nikasema. "Nilizipika mimi. Nilikuwa nimechagua mbegu mpya, nikaziondoa za zamani."

Birika likaanza kuchemka, akainuka akalizima, akakaa tena. Nilitegemea anifukuze. Badala yake alisogeza kiti karibu, na uso wake ukawa kama wa siku ile ya Zirai, wa mtu anayechota udongo.

"Uchafu wa sufuria mlikuwa mnamwaga kwenye lile shimo nyuma ya boila, siyo?"

"Ndiyo."

"Lile shimo lipo bado?"

"Lipo."

"Ulizibana? Tyubu, ulizibana pamoja?"

Ndipo nilipoelewa anatafuta nini. Kama nilizibana, kama nilikuwa na haraka, hewa ya baridi ingebaki katikati, na tyubu moja ingeweza kutoka hai ikamwagwa kwenye lile shimo, na Kijivu angekuwa huko chini mpaka leo, anapigana. Alikuwa ananiomba niwe mzembe. Ningetoa siku zangu zote zilizobaki niseme ndiyo.

"Niliacha kidole kati ya kila moja."

"Hewa ulitoa kwanza?"

"Mpaka mvuke ukanyooka."

"Dakika ngapi, kaka?"

"Ishirini."

Aliuacha mkono wake juu ya meza, karibu na rula. Akasema, "Nilikufundisha vizuri."

Hiyo ndiyo mbinu niliyo nayo, vijana wangu. Wekeni wazee mahali pawili, tena mbali na mtu anayejiona ana mikono mizuri. Msichague kinachong'aa. Mkikosa harufu, semeni siku hiyo hiyo, hata kama wageni bado wanakunywa chai. Mimi nina tyubu moja ya ile mbegu yangu, naipandikiza kwenye jeli kila mwezi. Haijawahi kufa. Inakua haraka, nono, inapendeza kuitazama, na haina kitu.

Jumanne nilikwenda sokoni, nikamkuta Daktari kwenye karoti. Nilitaka kupita upande wa pili, akanitambua kwa mwendo, macho yale yale mabovu. Akasimama, akainamisha kichwa kidogo kama alivyofanya asubuhi zote za kile kiwanda.

"Shikamoo, kaka Rajabu."

Nilifungua mdomo. Marahaba haikutoka. Watu walitupita na magunia, naye hakuondoka. Alisimama pale na kikapu chake, akiisubiri.